Ukumbi wa Taifa wa Maigizo, Nairobi: je, unakifaa kikundi kipya cha maigizo cha lugha nyingi?

Kwa kikundi kinachochanganya Kiswahili, Kisomali na Kihispania, jukwaa hili la Harry Thuku Road, lililofunguliwa 1952, ni zuri, ila si la onyesho la kwanza. Watazamaji wakiwa wachache, ukumbi huonekana mtupu, na mwigizaji asiyezoea kupaza sauti hasikiki nyuma. Tafsiri imulikwe kwenye skrini juu ya jukwaa, mistari 2 kwa wakati, na anayeiendesha ahudhurie mazoezi yote. Waigizaji wakiruka maneno, maandishi hubaki nyuma na kicheko huja kimechelewa (hakuna kinachoudhi zaidi). Anzeni mitaani, kwa mfano Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi. Ndivyo walivyoanza El Teatro Campesino, kikundi cha maigizo cha Marekani, 1965: walicheza juu ya malori mbele ya wafanyakazi wa mashamba California. Mtakapoukodi Ukumbi wa Taifa, bei ya taa na vipaza sauti iulizwe kabla ya kutoa arbuni.