Uzi wa alpaka kutoka Peru: uzoefu wangu kama mfumaji

Nafuma kwa mkono, na kwa misimu kadhaa ya baridi hapa Bradford, Uingereza, nimekuwa nikitumia uzi wa alpaka mtupu, usiochanganywa na kitu. Nausifu kwa moyo wote, lakini kwa kazi zinazoufaa. Anayeununua akidhani utakuwa sawa na sufu ya kondoo atasikitika, na bei yake si ya kubahatisha.

Alpaka ni jamaa wa ngamia, hana nundu, na ni mdogo kuliko lama, jamaa yake wa Andes anayebebeshwa mizigo. Watu wa milima ya Andes walianza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita, na hadi leo Peru inaongoza duniani kwa idadi yao. Huko Puno na Cusco hulishwa kwenye nyanda zilizo mita 4,000 hivi juu ya bahari, ambako usiku maji huganda, ndiyo maana manyoya yao yana joto kiasi hicho. Wapo wa aina mbili. Suri ana manyoya marefu yanayoning'inia kwa misokoto inayong'aa, mazuri kwa vitambaa vya makoti. Huacaya, ambaye ndiye wengi, ana manyoya mafupi yaliyojaa, na uzi ninaofumia ni wake.

Ninaurudia kwa sababu ya ngozi. Kila unywele wa sufu una magamba madogo sana. Ya kondoo yamejitokeza, ya alpaka yamelala, basi hauchomi. Mama yangu yuko Limuru, na mwezi wa saba baridi ya kule si mchezo. Sweta za sufu humwasha shingoni hadi ngozi inakuwa nyekundu. Nilimfumia skafu ya alpaka, na sasa anashinda nayo kutwa nzima, hata shambani. Ni nyepesi mno, na bado inampa joto.

Sasa upande wa pili. Sufu ya kondoo ukiivuta hurudi. Alpaka ukiivuta hubaki palepale. Sweta nzito ya alpaka mtupu hurefuka kwa uzito wake yenyewe: mabega yanashuka, pindo za mikono zinalegea. Kwa sweta, tafuta uzi uliochanganywa na sufu ya kondoo, au fuma kwa sindano nyembamba ili vitanzi vibanane. Ukiosha, tumia maji ya baridi na sabuni laini, kamulia ndani ya taulo bila kusokota, kisha tandaza mezani. Kamba ya kuanikia nguo usiikaribie kabisa! Na ukiihifadhi, funga vizuri, kwa maana nondo huila kama wanavyokula sufu nyingine.

Jambo la lebo pia limenikera. Muuzaji mmoja alinihakikishia kuwa uzi ulioandikwa «baby alpaca» umetokana na watoto wa alpaka, akautaja kama sababu ya bei. Sivyo. Hicho ni kiwango cha wembamba, takriban maikroni 22 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na mnyama mzima anaweza kukifikia. Ulizia maikroni, kadiri zinavyopungua ndivyo ulaini unavyozidi.

Mji huu nao una historia yake na manyoya haya. Titus Salt, mwenye viwanda wa karne ya 19, alitajirika kwa kuyasokota hapa, akajenga kiwanda chake cha Saltaire kilichofunguliwa mwaka 1853, na kijiji alichowajengea wafanyakazi sasa kimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Huwa napita pale na kustaajabu kwamba mzigo wa Andes ulisimamisha majengo makubwa namna ile.

Rangi ninazozipenda ni zile za mnyama mwenyewe: nyeupe ya maziwa, kijivu, kahawia za kila namna, na nyeusi. Anayeanza anunue ya kahawia isiyotiwa rangi, kiasi cha skafu moja tu, aivae shingoni msimu mzima kabla hajatoa pesa ya kitu kikubwa zaidi.