Seti ya sola kwa tangi la samaki la lita 200: tathmini baada ya mwaka mmoja

Kwenye boksi la seti hii kumeandikwa kwamba inatosha kuendesha tangi la samaki la lita 200 usiku na mchana. Maneno hayo ni kweli kwa masharti ambayo hayakuandikwa popote, si kwenye boksi wala kwenye kijitabu cha maelekezo, na masharti hayo ndiyo yaliyonisukuma kuandika tathmini hii baada ya kuitumia kwa mwaka mzima. Ndani ya boksi mna paneli mbili za wati 100 kila moja, chaji kontrola (kifaa kinachosimamia umeme unaoingia kwenye betri na kutoka) ya aina rahisi iitwayo PWM, betri moja ya asidi iliyofungwa ya volti 12 na ampea-saa 100, inveta ya wati 600 ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, na waya za kuunganishia. Jina la kampuni naliacha, kwa kuwa seti za namna hii zinafanana kiasi kwamba nitakayoyasema yatamfaa hata aliyenunua ya kampuni nyingine.

Kabla ya kufunga chochote nilipima mahitaji ya tangi kifaa kwa kifaa, na ningemshauri kila mnunuzi afanye hivyo kabla hata ya kutoa pesa. Pampu ya hewa inakula wati 4, ambazo kwa saa 24 ni wati-saa 96. Chujio la nje, lile la mkebe linalokaa chini ya tangi na kuzungusha maji kwa mipira miwili, linakula wati 16, yaani wati-saa 384 kwa siku. Taa za LED ni wati 24 kwa saa 8, sawa na wati-saa 192. Jumla ni wati-saa 672, na hapo hita bado haijatajwa. Hita yangu ni ya wati 200. Themostati huiwasha na kuizima, na siku za baridi nimeikuta ikifanya kazi karibu theluthi moja ya siku, kwa hiyo peke yake inameza wati-saa 1,600, zaidi ya mara mbili ya vifaa vingine vyote vikijumlishwa.

Upande wa mapato, siku ya jua zuri paneli hizi zimenipa kati ya wati-saa 600 na 650, kwa kipimo cha mita niliyoifunga kwenye waya wa betri. Anayetarajia kuziona wati 200 kamili atavunjika moyo, lakini kosa si la paneli. Paneli ya namna hii hutoa nguvu yake yote ikiwa kwenye volti 18 hivi, ilhali kontrola ya PWM huishusha hadi volti za betri, ambazo ni 13 na ushei, na karibu robo ya nguvu hupotelea hapo. Joto nalo hudai sehemu yake, kwa sababu kila nyuzi 1 ambayo paneli inapanda juu ya nyuzi 25 hupunguza takriban asilimia 0.4 ya nguvu, na paneli iliyolala juu ya bati mchana hupanda mbali sana kupita nyuzi 25.

Kwa hiyo hita haina nafasi kwenye mfumo huu, na ni ajabu kwamba kijitabu kinaichora ikiwa imechomekwa kwenye inveta pamoja na vifaa vingine. Maji hayapashiki kirahisi: kuongeza nyuzi 1 katika lita 200 kunahitaji wati-saa 233 hivi. Betri ya asidi haifai kutumiwa chini ya nusu kama mtu anataka idumu, hivyo katika wati-saa 1,200 zilizomo, za kutumia ni 600 tu, na zote zikielekezwa kwenye hita zitayapandisha maji nyuzi mbili na nusu, kisha pampu ibaki bila umeme. Tabia hiyohiyo ya maji, hata hivyo, humsaidia mfugaji, maana kilicho kigumu kupashwa ni kigumu pia kupoa. Umeme wa gridi unapokatika mimi hulizungushia tangi blanketi nene kwenye kuta zake, nikiacha juu wazi ili hewa ipite, na mara ya mwisho nilipopima, saa sita zilipita joto likishuka kutoka nyuzi 26 hadi 25 tu, jambo ambalo samaki hawakuonyesha hata dalili ya kulitambua.

Wasichoweza kukivumilia ni maji yaliyosimama, na hilo nilijifunza siku ya tatu ya mawingu mfululizo, nilipokuwa bado nimeunganisha chujio na pampu ya hewa kwenye inveta kama kijitabu kilivyoelekeza. Umeme wa gridi ulikuwa umekatika tangu jioni. Saa tisa usiku niliamshwa na mlio mkali wa inveta ikitangaza kwamba betri imeshuka, na kabla sijaifikia ikajizima yenyewe. Nilimulika tangi kwa tochi na kuwakuta samaki aina ya Corydoras wakipanda mmoja baada ya mwingine kumeza hewa juu ya maji na kurudi chini mbio. Ni kawaida yao kufanya hivyo mara mojamoja, lakini usiku ule walifuatana bila kupumzika. Nilishinda hadi alfajiri nikichota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu ili yachanganyike na hewa.

Kulipokucha, kabla ya kuliwasha chujio, niliufungua mkebe wake juu ya beseni. Maji yaliyotoka yalinuka tope lililooza. Bakteria wanaoishi ndani ya chujio, ambao hugeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti na nitriti kuwa nitreti, wanahitaji oksijeni kama samaki wenyewe, na mkebe uliofungwa ukisimama wanaimaliza oksijeni iliyomo kwa saa chache, kisha wanaanza kufa. Anayeliwasha chujio la namna hiyo moja kwa moja huwamwagia samaki wake uchafu wote uliokusanyika humo, mara nyingi akiwa anashangilia kwamba umeme umerudi.

Lawama kubwa ya usiku ule naiweka kwenye inveta, ambayo ndiyo kifaa dhaifu kuliko vyote katika seti hii. Hata isipochomekwa kitu, inakula wati 9, yaani wati-saa 216 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya mahitaji ya pampu ya hewa. Isitoshe, umeme inaoutoa ni wa wimbi la ngazi ngazi, si wimbi laini kama la gridi, na mota ya chujio huonyesha wazi kutouridhia: inanguruma, na nilipoweka kiganja juu ya kichwa cha chujio baada ya saa moja nilikikuta na joto ambalo sikuwahi kulihisi likitumia umeme wa kawaida. Kampuni ingeweka inveta ndogo ya wimbi laini, hata ya wati 150, ingekuwa imemsaidia mteja zaidi kuliko kumpa wati 600 ambazo betri yenyewe haina uwezo wa kuzilisha kwa muda wa maana.

Suluhisho nililofikia halihitaji inveta usiku. Nilinunua kando pampu ya hewa ya volti 12 na kuiunganisha moja kwa moja kwenye matundu ya kutolea umeme ya kontrola, ikasukuma hewa kwenye chujio la sponji lililo ndani ya tangi, ambalo nalo lina bakteria wake. Kwa wati 4 pampu hiyo inaweza kukaa siku sita kwenye nusu ya betri bila jua kabisa, na tangu niifunge sijachota tena maji kwa jagi. Tahadhari ni moja: pampu iwekwe juu kuliko usawa wa maji, au mpira wake uwe na vali ya kuzuia maji kurudi, la sivyo siku itakayozimika maji yatafuata mpira hadi kwenye pampu na pengine hadi kwenye betri. Hita na chujio la mkebe nimevirudisha kwenye gridi. Taa nimezipangia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni ili zile umeme wa jua lenyewe bila kuigusa betri, na gharama yake ni kwamba wageni wa jioni hukuta samaki wamelala.

Paneli sina la kuzilaumu, ila zinataka nafasi isiyo na kivuli hata chembe. Tawi moja jembamba lililokuwa likipita juu ya kona ya paneli moja saa za alasiri lilipunguza nguvu yake karibu kwa nusu, ingawa kwa macho kivuli kilionekana kidogo tu, kwa kuwa seli zimeunganishwa kwa mfuatano na iliyofunikwa huwazuia wenzake. Waya zilizokuja na seti ni za milimita za mraba 1.5, nyembamba mno kwa umbali wa mita 6 kutoka kwenye paa langu, na zilikuwa zikipoteza volti 1.5 hivi jua likiwa kali. Nilizibadilisha kwa za milimita 4. Fyuzi ya betri haikuwemo kabisa, na hilo ni kosa lisilosameheka kwenye kifaa kinachokaa jirani na maji. Iwekwe kwenye waya chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana, na kila waya unaokwenda kwenye tangi uachwe uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondokee sakafuni.

Kwa mwenye uwezo wa kuongeza pesa, ningesema anunue paneli na kontrola peke yake, kisha atafute betri ya lithiamu fosfeti, ambayo huruhusu kutumia asilimia 80 au zaidi ya ujazo wake na hudumu mizunguko mingi kupita ya asidi, mradi ahakikishe kontrola ina mpangilio wa aina hiyo ya betri. Anayebaki na betri ya asidi asiiweke kwenye kabati lililofungwa chini ya tangi, maana ikichajiwa kupita kiasi hutoa haidrojeni. Vilevile asiiamini kontrola ilivyotoka kiwandani: yangu ilikuja imepangwa kukata umeme kwa volti 11.1, wakati ambapo betri ya asidi imekwisha kudhurika. Niliipandisha hadi 12.0. Kila ninapozifungua waya za betri ili kusafisha vichwa vyake, mpangilio huo hujifuta na kurudi 11.1 bila kutoa taarifa, na kwa sababu hiyo nimebandika karatasi ukutani, juu ya kontrola, yenye namba moja tu, 12.0.