Pushkar: jina la marehemu baba halikuwa la kuuzwa

Hasira hizi nimekaa nazo tangu kipindi cha baridi, leo acha nizitoe. Nasoma Jaipur, India, na wenzangu wa Kihindi walinisisitiza nisije nikarudi Tanga bila kuliona ziwa la Pushkar, takatifu kwa Wahindu. Likizo moja dada yangu alikuja kunitembelea, tukaenda. Basi hadi Ajmer, kisha jingine lililovuka Mlima wa Nyoka.

Ziwa limezungukwa na ghati 52, yaani ngazi zinazoshuka hadi majini. Tukavua viatu. Hatujakaa sawa, kijana akatutia maua mkononi: "Dada, siuzi, nenda ukayatupe ziwani upate baraka." Chini alikuwepo mwenzake na sahani ya petali za waridi, mchele, sukari na unga mwekundu. Akanikalisha, akanishika mkono, akawa ananitamkia maneno ya Kisanskriti nami namfuatisha. Nilifuatisha kwa moyo wangu wote. Akauliza kwetu tuko wangapi. Saba. Baba yupo? Nikamwambia ametangulia mbele ya haki. Akasema nimtaje jina tumwombee. Nikalitaja. Dada pembeni akaanza kulia.

Hapo ndipo akataja bei. Rupia 500 kwa kila kichwa, vichwa vinane, maana marehemu naye alimhesabu! Nilipokataa, huku ameshikilia uzi mwekundu aliokuwa akinifunga mkononi, akaniambia nikipunguza hesabu baba hatapumzika kwa amani. Damu ilinichemka. Huyo mtu baba yangu anamjulia wapi? Nikampa 100, akaiangalia ile noti kama nimempa uchafu, akaniachia uzi bila kukaza fundo, akaenda kumvizia mwingine.

Basi, kuanzia hapo sikuona zuri. Chai haikupita kooni, maduka yalinichosha, nikamwambia dada mji mzima huu ni wa matapeli. Nilikosea kusema hivyo. Kwenye hekalu la Brahma, mungu muumbaji wa Wahindu, lile la mnara mwekundu, hakuna aliyetudai hata rupia moja. Ndani, kwenye marumaru, kumepachikwa sarafu za fedha zilizoandikwa majina ya waumini waliozitoa. Nimeinama nazitazama, bibi mmoja akauona uzi wangu unaning'inia. Akanishika mkono, akaufunga mafundo mawili, akakaza kwa meno, akaendelea na safari yake bila neno. Hapo nami machozi yakanitoka.

Jioni tukapanda kilimani kwa mungu wa kike Savitri. Wanasimulia kuwa alichelewa kwenye sadaka ya moto, mumewe Brahma akamwoa Gayatri ili ibada isikwame. Savitri akamlaani asiabudiwe popote ila Pushkar. Hekalu lake liko huko juu, mbali na la mume. Nilimwelewa kabisa. Ziwa kutoka pale linaonekana dogo, mahekalu meupe yamelikumbatia, na kengele zinapanda hadi unazisikia ulipo. Nikamwambia dada, tutamleta mama hapa.

Kwa hiyo nendeni. Ua la mtu msipokee, na wazazi wenu msiwataje kwa yeyote pale ngazini. Mkitaka kutoa, sanduku la hekalu lipo. Mimi nilikusudia kurudi na mama kabla ya masika. Lakini nikikumbuka yule mtu alivyolitamka jina la baba, taratibu, kama anamfahamu, naona heri nimpeleke mama kilimani tu, ziwa alitazame kwa mbali.