Lenzi ya milimita 50 f/1.8: uzoefu wangu wa kupiga karibu kila kitu kwa lenzi isiyovuta

Kama una kamera ya kubadilisha lenzi na unaona picha zako zimegota, usikimbilie kununua kamera mpya. Tafuta kwanza lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8. Tundu ni mlango wa mwanga ndani ya lenzi, na namba ya f ikiwa ndogo, mlango ni mpana zaidi. Kampuni kubwa za kamera karibu zote zinatengeneza ya kwao, na mara nyingi huwa miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa kwenye orodha zao. Yangu ni nyepesi, sehemu kubwa ni plastiki, haina kitulizo cha mtikisiko wala kinga ya maji, na haivuti (zoom) hata kidogo. Pamoja na hayo, ndiyo iliyonifunza kupiga watu, watoto wanaokimbia, vitu vidogo na barabara za usiku.

Jambo moja lieleweke mapema. Kamera nyingi za wanaoanza zina sensa (kipande kinachopokea picha) ndogo, ile inayoitwa APS-C, na kwenye sensa hiyo lenzi ya 50 inaona eneo dogo zaidi. Kwa Nikon na Sony inakuwa sawa na milimita 75 kwenye sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24. Kwa Canon, 80. Mimi natumia sensa ndogo, na yote ninayosema hapa ni kwa kipimo hicho. Chumba kikiwa kidogo, utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta. Mtu ambaye kazi yake kubwa ni kupiga vikundi ndani ya nyumba, namshauri achukue ya milimita 35.

Kwa picha za watu, lenzi hii ni mwalimu kweli. Lenzi ya kuvuta inakuruhusu kusimama popote ukazungusha pete mpaka uso ujaze fremu, na huoni kwamba umbali uliosimama ndio unaochora ule uso. Msogelee mtu hadi sentimita 40: pua inakua, masikio yanakimbilia nyuma. Rudi mita moja na nusu, uso unatulia katika umbo lake, na kwa lenzi hii umbali huo unakupa kichwa na mabega. Kwa kuwa huwezi kuvuta, unalazimika kutembea, na kila hatua unaona mandharinyuma yakibadilika: nguzo inajificha nyuma ya bega, mlango unaingia, ukuta mchafu unatoka. Mimi nilianza kuchagua mahali pa kusimama kabla ya kuinua kamera, na picha zangu za watu zilibadilika hapo hapo.

Halafu kuna ule ukungu mzuri wa nyuma unaowafanya wengi wainunue. Ni mzuri, ila una masharti. Kwenye f/1.8, mtu akiwa mita moja kutoka kwako, sehemu inayotoka kali haifiki sentimita tatu. Jicho moja likiwa kali, sikio limeshapotea. Usiiachie kamera ichague yenyewe mahali pa kulenga. Weka nukta moja ya fokasi, yaani pale picha inapotoka kali, kwenye jicho lililo karibu nawe. Wakiwa watu wawili, funga tundu hadi f/4 au f/5.6 na uwapange nyuso zao ziwe umbali sawa kutoka kwenye lenzi.

Nikae kidogo kwenye mwanga wa ngozi, kwa sababu ni jambo linaloharibu picha nyingi na halizungumzwi vya kutosha. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hudhani kila unachokilenga kina weupe wa kijivu cha kati. Uso wa mtu mweusi ukijaza fremu, kamera inaongeza mwanga ili ufikie kijivu hicho, na ngozi inapauka, inapoteza ule wekundu na udhahabu wake. Mtu huyohuyo akivaa nguo nyeupe inayojaza fremu, kamera inapunguza mwanga, na uso unazama gizani. Dawa ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa: shusha theluthi mbili za stopu (stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu) kwa hali ya kwanza, pandisha theluthi mbili au stopu moja nzima kwa ya pili, kisha angalia. Tundu kubwa linakuwezesha pia kumweka mtu kando ya dirisha, ukazima taa zote ili rangi za balbu zisichanganyike na za mchana, na bado ukapata mwanga wa kutosha bila flashi.

Ndani ya nyumba jioni, hesabu inajieleza. Lenzi ya kuvuta inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, kwa kawaida tundu lake linaishia f/5.6. Kwenye f/1.8 unaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Pale ambapo ungehitaji ISO 6400 (ISO ni kipimo cha kamera kukuza mwanga) na picha ikajaa chenga, sasa ISO 640 inatosha, kwa kasi ileile ya shata, yaani muda uleule wa kupokea mwanga. Kwangu tofauti hiyo ni kubwa kuliko niliyowahi kuiona kwa kubadilisha kamera.

Watoto na michezo ni habari nyingine. Mtoto anayekimbia anataka shata ya sekunde 1/500 au ya kasi zaidi, na mwanga upo. Tatizo ni mota ya fokasi. Yangu si ya haraka, na kukiwa na giza inahangaika mbele na nyuma kabla ya kushika. Ninachofanya ni kulenga kabla mahali watakapopita, kufunga tundu hadi f/2.8 ili nipate nafasi ya kupumua, na kupiga mfululizo wanapoingia. Ndege walio mbali usijaribu. Milimita 50 haziwafikii.

Vitu vidogo mezani, kama pete, vyakula au ua: inafaa, ila haikaribii sana. Nyingi hukataa kushika fokasi ukiwa karibu kuliko sentimita 35 hadi 45. Mdudu atabaki nukta.

Mandhari ndiyo iliyonishangaza. Wengi wataambiwa mandhari yanataka lenzi pana, na ni kweli kwa baadhi. Lakini lenzi pana inasukuma milima mbali mpaka inaonekana vichuguu, na inaingiza anga tupu na nyasi tupu. Kwa 50 unalazimika kuuliza ni kipi hasa kilichokusimamisha: ule mti peke yake kwenye mteremko, au mstari wa mwanga chini ya wingu? Unapiga hicho. Nikihitaji upana, nasimamisha kamera wima, nafunga tundu f/8, nafunga mwanga na fokasi visibadilike, kisha napiga fremu kadhaa zinazoingiliana kwa theluthi moja na kuziunganisha kwenye kompyuta. Usifunge tundu hadi f/22 ukidhani utapata ukali zaidi. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hivyo unasambaa na picha nzima inalegea.

Usiku barabarani naanza na f/2, shata 1/100, ISO 1600, nikirekebisha kadiri ya taa zilivyo. Taa za mbali zinageuka miduara. Pembezoni mwa fremu miduara hiyo inabanwa ikawa kama ndimu, na ukifunga tundu kidogo kwenye lenzi za zamani zenye mabawa matano ya kufungia tundu inapata kona. Wengine wanachukia, mimi napenda. Kwa nyota utapata sekunde sita hivi kabla hazijaanza kuchora mistari, kwa hiyo stendi ni lazima.

Kasoro nyingine: kwenye f/1.8 kona za picha ni laini na zenye giza kidogo, na kingo za vitu vyeusi mbele ya anga nyeupe zinaota rangi ya zambarau au kijani. Hadi f/2.8 mengi yamepungua. F/4 hadi f/5.6 ndiyo nafasi yake bora. Jua likiingia pembeni picha inafifia, hivyo nunua na kofia yake.

Ukiipata iliyotumika, imulike tochi upande mmoja uchungulie upande wa pili. Utandu mweupe kama utando wa buibui ni kuvu, achana nayo. Vumbi kidogo halina madhara. Sikiliza fokasi ikitoka karibu kwenda mbali, isikwame wala kukwaruza. Piga picha moja kwenye f/1.8 na nyingine kwenye f/11 kwa mwanga uleule, kamera ikijichagulia shata. Zikitofautiana sana kwa mwangaza, huenda mabawa ya tundu yamenata, na lenzi hiyo mwachie mwenyewe.