Ziara ya vita kuu mbili Dar es Salaam: uzoefu wangu

Ziara hii ya nusu siku inaanzia Mnara wa Askari, pale Posta, na kilichonifurahisha mapema ni kwamba mwongozaji hakung'ang'ania bunduki. Alitusomea maandishi ya mwaka 1927 yanayowataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha akatupeleka Kariakoo, palipokuwa na kambi ya wapagazi hao baada ya Waingereza kuuteka mji kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916.

Vita vya Kwanza vilipiganwa hapahapa kwetu. Mkulima aliyekamatwa akabebeshwa nafaka na risasi hakuwa askari, lakini wapagazi walikufa wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko hata wenye bunduki. Aliyebaki kijijini naye hakusalimika. Ugogoni majeshi ya pande zote mbili yalizoa chakula na ng'ombe, mvua nazo zikakosa, ikaja njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920. Kwa mama yangu ni Wagogo. Mtunya nimeusikia nyumbani tangu utotoni, na hii ndiyo ziara ya kwanza niliyousikia ukisimuliwa kama sehemu ya vita, si kama balaa la ukame tu. Kwa hilo peke yake, hela yangu imerudi.

Vita vya Pili ndipo ziara inapopwaya. Askari wetu safari hii walipelekwa mbali: Ethiopia, Madagaska, na mwaka 1944 Burma, kwenye matope ya bonde la Kabaw. Hayo yalielezwa vizuri. Raia walitajwa kwa sentensi moja tu: Japani ilipoteka Ufilipino na nyuzi za kamba za huko zikaadimika, serikali ya kikoloni iliwachukua wanaume kwa lazima kwenda kukata mkonge. Wake zao walibaki na mashamba, na habari zao sikuzisikia kabisa.

Makaburi ya vita ya Barabara ya Bagamoyo, yaliyohamishiwa pale kutoka Ocean Road mwaka 1968, nayo tuliyapita mbiombio.

Nyota nne kati ya tano. Nendeni asubuhi, kabla Kariakoo haijafurika, na mkifika makaburini mwombeni mwongozaji awape muda wa kusoma majina. Kama kuna mzee nyumbani anayekumbuka habari za manamba wa mkonge, nendeni naye. Mwongozaji wetu alikuwa mtu wa kusikiliza.