mpmath kwa makundi madogo ya duara: zana nzuri, mradi biti zitoshe

Swali lenyewe ni fupi. Una mfuatano wa namba kamili u(n) na pointi x kwenye duara, yaani namba halisi iliyobakizwa desimali zake tu. Je, umbali kati ya u(n)x na namba kamili iliyo karibu unaelekea sifuri? Pointi zote zinazotimiza hivyo hufanya kundi dogo. Ukilegeza sharti, ukaacha baadhi ya n zikaidi mradi msongamano wake (idadi yake hadi N, ikigawanywa kwa N, N ikikua bila kikomo) uwe sifuri, unapata kundi dogo la kitakwimu. Kwa kuyachungulia haya kwa namba, mpmath, maktaba ya bure ya Python iliyoanzishwa na Fredrik Johansson mwaka 2007, inafaa kuliko desimali za kawaida za Python (float), tena kwa mbali.

Desimali za kawaida zina biti 53, na hapa zinadanganya waziwazi. Chukua u(n) = 2^n na x = 1/3. Umbali wa kweli ni 1/3 kwa kila n, hivyo 1/3 haimo kundini. Lakini kompyuta imehifadhi sehemu ya jirani yenye asili 2^54. Ukifika n = 54 unapata 0, na 0 haiondoki tena. Kwa mtindo huo kila x itaonekana mwanakundi! mpmath nayo huanza na biti 53 zilezile, kwa hiyo asiyegusa mp.prec, yaani mpangilio wa idadi ya biti, hajapata faida yoyote.

Hesabu ya biti ni rahisi: idadi ya biti za u(n) ya mwisho, ongeza 64. Kwa 2^n hadi n = 10,000 weka mp.prec = 10065. Namba 1000! (zao la 1 hadi 1000) ina tarakimu 2,568, karibu biti 8,530, weka 8,600. Weka mp.prec kwanza, ndipo uunde x, maana mpf(1)/3 (mpf ni aina ya namba ya mpmath) iliyoundwa mapema hubaki na biti zake 53 hata ukiongeza usahihi baadaye. Vilevile mpf(0.1) huingia na kosa lake, andika mpf(1)/10. Umbali ni abs(y - nint(y)), y ikiwa u(n)x na nint(y) ikiwa namba kamili iliyo karibu. Kwa vipeo vya 2 tumia ldexp(x, n), ambayo husogeza kipeo tu bila kukadiria. Ukisakinisha gmpy2, maktaba ya hesabu za namba kubwa, mpmath huitumia yenyewe na kasi hupanda.

Jaribio zuri la kwanza ni x = e (2.718...) pamoja na u(n) = n!. Kwenye n = 1000 umbali uwe kati ya 1/1001 na 1/1000; ukipata kingine, biti hazikutosha.

La pili ni tamu zaidi. Jumlisha 2^(-k²) kwa k kuanzia 1 hadi 100, hiyo iwe x, kisha pitia 2^n kwa n kuanzia 0 hadi 9,999. Umbali unafika 0.1 au zaidi mara 298 tu, asilimia 2.98, ilhali kila n inapokuwa k² - 1 umbali hurudi karibu na nusu. Endeleza jumla hiyo bila kikomo na pointi inayopatikana iko nje ya kundi la kawaida, ambalo ni sehemu zenye asili ya kipeo cha 2 tu, lakini imo katika la kitakwimu. Sasa gawanya 298 kwa mzizi wa 10,000: 2.98, ikielekea 3. Ndiyo maana msongamano unaopimwa kwa kugawanya kwa N^α badala ya N unaikubali pointi hii α ikizidi 1/2, na unaikataa ikiwa 1/2 au chini.

Msongamano usiupime kwa N moja. Seti ya n zilizo kati ya 4^k na 2·4^k, ikipimwa kwenye vipeo vya 4 pekee, huonyesha 1/3 iliyotulia, kumbe katikati inapanda hadi 2/3 na haina msongamano kabisa. Chapisha matokeo kwenye kila kipeo cha 2. Hata hivyo hayo ni dalili; uthibitisho unabaki kazi ya kalamu.

Na x ikiwa sehemu p/q, iache mpmath: (u*p) % q kwa namba kamili za Python hutoa jibu kamili, bila biti za kuhesabu.