Upinde wa mvua wa 35,000, nyekundu wameitia ndani!

Asalaam alaykum jamani, karibuni tena. Leo sina salamu ndefu, nina jambo. Mnakiona hiki? Upinde wa mvua wa plastiki, matao 6, dogo linaingia ndani ya kubwa, mtoto anapanga na kupangua. Mnaujua, sokoni Darajani umejaa, kwa hiyo sikuchosheni na boksi wala vipimo. Nilitajiwa 45,000, nikashusha mpaka 35,000 nikajiona mjanja.

Sasa tazameni. Tao kubwa la nje rangi gani? Zambarau. Na hili dogo la ndani kabisa? Jekundu. Upinde gani huo, jamani? Ule wa Mwenyezi Mungu nyekundu iko nje, juu kabisa, zambarau ndiyo ya ndani. Na kubadilisha huwezi, kila tao lina ukubwa wake. Yaani mtoto akipanga bila kukosea hata moja, ndiyo kakosea yote.

Najua kuna atakayesema nakuza mambo, mtoto wa nasari wa miaka 4 ataelewa nini. Haya, nifuateni uani.

Saa 10 na nusu hii, jua limeshashuka kwenye mnazi wa jirani. Nalipa mgongo. Huu mpira wa maji naubana mdomo kwa kidole gumba mpaka yatoke manyunyu. Yakitoka kama mkojo wa ng'ombe hupati kitu. Sasa tafuta kivuli cha kichwa chako pale chini, nyoosha mkono, pima shibiri mbili kutoka kwenye kivuli. Hapo… ngoja, kamera haijaushika… huo! Umeuona? Nyekundu nje, rangi ya chungwa, manjano, kijani, buluu, zambarau ndani. Wataalamu wanasema digrii 42, mie nasema shibiri mbili. Mwanga unaingia kwenye tone, unapinda, unagonga ukuta wa nyuma, unatoka umeshachambuka, kila rangi na pembe yake. Ndiyo maana mvua ikinyesha saa 6 mchana, jua liko utosini, huuoni upinde mbinguni hata ukeshe barazani. Mtoe mtoto asubuhi au jioni, na jua awe amelipa mgongo.

Wangu jana kayatazama maji, kalitazama tao lake, kanitazama na mie. "Mama, hili limevaliwa nje ndani." Kama fulana yake akiwa na haraka ya chuoni! Mwenye miaka 4 huyo.

Nimtafutie udhuru aliyetengeneza: mara nyingine hutoka pinde mbili, na ule wa pili, wa juu, hafifu, rangi zake kweli zimegeuka. Labda alikuwa anautazama huo. Lakini kwenye boksi kachora mmoja tu.

Na msinijie kwenye maoni na habari ya rangi 7. Newton, yule mwanasayansi wa zamani, ndiye aliyetia nili, ile buluu iliyokoza, zikawa 7, alitaka zilingane na noti 7 za muziki. Kuitenga nili na buluu kwa macho yetu haya ni kazi. Kwa hilo siwalaumu, 6 zinatosha.

Kadi za rangi zilizomo ndani ya boksi ndizo zilizonimaliza kabisa. Chungwa limechorwa ganda la rangi ya chungwa! Huku Unguja chungwa linaiva na ganda bado kijani. Nikamuuliza wangu, "Chungwa rangi gani?" Akajibu kijani, kadi inasema kakosea. Kakosea wapi? Nimeziweka kadi kabatini, nikampeleka jikoni: manjano yenyewe kwenye kijiko, jivu la jiko kwa kijivu, kahawa kwa kahawia, na chungwa nikalikata aone ndani. Rangi zetu majina yake yamo jikoni, hatuna haja ya kadi.

Mmeniuliza ule wa mbao. Nimeuona, 80,000, rangi zimekaa sawasawa, mzuri, sisemi uongo. Ila ukikuangukia kidoleni utamkumbuka aliyeuchonga. Na 80,000 ni pesa, wallahi.

Huu wa plastiki kwa kweli mgumu, mjomba wake kaukanyaga haukufanya ufa. Na mtoto haachi kuuchezea: tao kubwa akilipindua ni ngalawa, madogo ni madaraja ya vigari vyake. Nilikuja na hasira nikitaka kuurudisha, sasa… ah, ndiyo umeshakuwa wa nyumbani. Kama umeshanunua usitupe, mwoneshe mtoto maji kwanza. Kama hujanunua, usivuke 20,000. Nilisema 25,000 kwenye video fupi, nimebadilisha.

Tumefika wafuasi 3,000, ahsanteni sana, ndiyo maana leo mnanisikia vizuri, kipaza sauti kipya hiki. Ijayo ni udongo wa kufinyanga, in shaa Allah, nipeni… We! We, weka mpira chini! Baba, mpira chini, kipaza sauti hicho, jamani—